Fahamu kome wanaoishi kwa gesi chini ya bahari, mahali jua halifiki

Kwa ufupi
• Kome wa bahari kuu wamebeba bakteria ndani ya matamvua yao. Bakteria hao wanageuza gesi ya methani kuwa chakula.
• Gesi yenyewe inavuja kutoka kwenye sakafu ya bahari. Ikikatika, kome wanadhoofu na hatimaye wanakufa.
• Penye mivujo hiyo mara nyingi pana mafuta na gesi ambayo binadamu naye anaitafuta.

Mchukue kome wa kawaida, yule anayeng'ang'ania mwamba ufukweni maji yakitoka. Mpeleke mita 650 chini ya bahari, kwenye giza totoro na baridi ya nyuzi chache tu, mahali ambapo maji yanamkandamiza mara 65 hivi kuliko hewa ya nchi kavu. Atakula nini? Mwani hakuna, na chembe za chakula zinazodondoka kutoka juu ni chache mno. Atakufa njaa.

Lakini katika Ghuba ya Mexico, kwenye kina hicho hicho, wapo kome waliojazana kama zulia. Wananenepa na wanazaana. Chakula chao kinatokana na gesi inayovuja ardhini, ingawa wao wenyewe hawana uwezo wa kuila. Wana wapishi wao.

Kome hawa ni akina nani?

Ni ndugu wa kome wa pwani. Wana magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, mguu mmoja wa kutambalia, na nyuzi ngumu za kujishikiza kwenye mwamba. Ukimweka mmoja mkononi, usingeona cha ajabu sana. Anafikia urefu wa zaidi ya sentimita 10, na maajabu yake yako ndani.

Safari ya kuwajua ilianza mwaka 1977, pale nyambizi ya utafiti Alvin ya Marekani ilipokuta viumbe wengi kwenye chemchemi za maji moto karibu na visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki. Kome waliopatikana huko walipewa rasmi jina la Bathymodiolus mwaka 1985.

Yule wa Ghuba ya Mexico anaitwa childressi, kwa heshima ya James Childress, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kwenye maandishi ya zamani utamkuta kama Bathymodiolus childressi, na kwenye ya sasa kama Gigantidas childressi. Usichanganyikiwe, ni mnyama yule yule, ila wataalamu walimhamishia kundi jingine.

Walifikaje huko chini? Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2000 ulionyesha kwamba ndugu zao wa karibu ni kome wadogo wanaoishi kwenye magogo yaliyozama na mifupa ya nyangumi. Vitu hivyo vikioza hutoa kemikali zinazofanana na zile za mivujo. Yaani huenda mababu zao walishuka ngazi kwa ngazi, kutoka gogo hadi mfupa, kutoka mfupa hadi kwenye gesi.

Mvujo baridi ni kitu gani?

Ni sehemu ya sakafu ya bahari ambako methani, gesi ya salfidi hidrojeni na wakati mwingine mafuta ghafi hutoka polepole kupitia nyufa na matope.

Neno "baridi" lisikupoteze. Hakuna barafu inayotoka hapo. Maana yake ni kwamba kinachovuja kina joto karibu sawa na maji ya pembeni, tofauti na chemchemi moto za volkano ambazo maji yake yanaweza kuzidi nyuzi 350.

Mivujo baridi yenye viumbe wa aina hii iligunduliwa mwaka 1984, kwenye mteremko mkali wa chini ya bahari magharibi ya Florida, kina cha mita 3,200 hivi. Watafiti walikuwa wamefuata miamba. Kumbe chini kule kulikuwa na kome na minyoo wa mirija waliosongamana.

Methani hiyo hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza, vijidudu ndani ya matope yasiyo na oksijeni huozesha mabaki ya viumbe wa zamani na kuacha gesi. Ya pili, mabaki yaliyofukiwa chini zaidi hupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka.

Ni gesi unayoijua. Gesi asilia ya Songo Songo, inayozalisha umeme Tanzania tangu mwaka 2004, sehemu yake kubwa kabisa ni methani. Na methani hiyo hiyo imeyeyuka kwa wingi katika maji ya chini ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo.

Na ile salfidi hidrojeni? Hiyo ndiyo gesi yenye harufu ya mayai viza. Inatengenezwa ndani ya matope na vijidudu vinavyoila methani kwa msaada wa salfeti ya maji ya bahari. Kazi yao hiyo pia huacha miamba ya chokaa, ambayo kome hupata pa kujishikiza.

Gesi inageukaje kuwa chakula?

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Matamvua ya kome huyu ni makubwa na manene. Ndani ya seli zake, siyo juu yake, wanaishi bakteria wanaotumia methani.

Bakteria hao wanahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: methani na oksijeni. Tatizo ni kwamba vitu hivyo havikai pamoja. Methani inatoka chini, kwenye matope ambako oksijeni hakuna. Oksijeni iko juu, kwenye maji ambako methani ikifika tu inatawanyika. Bakteria akibaki matopeni anakosa kimoja, akielea majini anakosa kingine.

Kome anakaa mpakani. Anavuta maji na kuyapitisha kwenye matamvua bila kupumzika, na maji hayo yana vyote viwili. Kwa hiyo bakteria amepata nyumba, ulinzi, na vitu vyote viwili mlangoni.

Kodi ya nyumba analipa kwa chakula. Anaiunguza methani kwa oksijeni ili kupata nguvu, na sehemu ya kaboni yake anaitumia kujenga mwili. Kome anafaidika kwa namna mbili: baadhi ya virutubisho vinavuja kutoka kwa bakteria, na bakteria wenyewe wengine humeng'enywa ndani ya zile zile seli zilizowahifadhi. Kwa lugha ya wafugaji, anakamua na anachinja pia.

Kwa kuwa jiko limehamia kwenye matamvua, utumbo wake ni mdogo kuliko wa ndugu zake wa pwani. Hata hivyo bado anaweza kuchuja chembechembe za chakula majini zikipita.

Je, hawahitaji jua kabisa?

Utasikia ikisemwa hivyo mara nyingi, lakini siyo kweli moja kwa moja. Ni kweli nguvu yao haitoki kwenye mwanga. Lakini ile oksijeni inayounguza methani imetengenezwa na mimea na mwani wa juu, kwa msaada wa jua, kisha ikashuka na mikondo ya maji. Na methani yenyewe kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe walioishi zamani kwa jua hilo hilo. Jua liko mbali nao, ila mkono wake unawafikia.

Wanasayansi walijuaje?

Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake walionyesha kwamba minyoo wakubwa wa chemchemi moto, wasio na mdomo wala utumbo, wamejaa bakteria. Kuanzia hapo watafiti wakaanza kuwaangalia upya wanyama wengine wa kina kirefu.

Mwaka 1986 Childress na wenzake walichapisha matokeo kuhusu kome wa Ghuba ya Mexico. Waliwaweka kome hai kwenye vyombo vilivyofungwa na kuwapa methani. Methani ikapungua, matumizi ya oksijeni yakapanda, na hewa ya ukaa ikatoka. Kwa darubini, bakteria wa kwenye matamvua walionekana wakiwa na tando zilizopangana kama kurasa za kitabu, alama ya bakteria wala-methani.

Ushahidi mwingine ulikuwa ndani ya nyama. Kaboni ya methani ni "nyepesi" kuliko ile ya mwani, na ukipima unaweza kuzitofautisha. Nyama ya kome ilikuwa na kaboni hiyo nyepesi. Kwa maneno mengine, miili yao ilijengwa kwa gesi.

Mwaka 1988 watafiti wakaenda mbele zaidi. Waliwafuga kome hao maabara na kuwapa methani tu kama chanzo cha nguvu na kaboni. Kome wakakua.

Ziwa ndani ya bahari

Kama unataka kuona maisha ya mpakani, hakuna mfano mzuri kuliko ziwa la chumvi liitwalo NR-1, katika Ghuba ya Mexico, kusini mwa Louisiana. Limepewa jina la nyambizi ndogo ya nyuklia ya jeshi la majini la Marekani iliyolikuta.

Ndiyo, ni ziwa chini ya bahari. Zama za dinosaria bahari ya eneo hilo ilikauka na kuacha tabaka nene la chumvi, ambalo baadaye lilifukiwa na matope. Chumvi hiyo inasukumwa na uzito wa matope, inajongea, inapasua njia, na gesi na mafuta vinapata pa kupitia. Chumvi nyingine inayeyuka na kutengeneza maji yenye chumvi mara nne hivi ya maji ya bahari. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo yanatulia shimoni bila kuchanganyika na ya juu.

Ndani ya ziwa hakuna oksijeni, ila kuna methani tele. Na ukingoni pote, kama wigo, wamepangana kome.

Watafiti walipowachunguza waliona jambo la kuvutia. Wadogo wengi wako ukingo wa ndani, karibu kabisa na maji ya chumvi, ambako methani ni nyingi. Ukisogea nje, methani inapungua, na unakuta kome wakubwa wenye hali dhaifu zaidi na magamba matupu ya waliokwisha kufa. Umbali wa mita chache tu ndio unaoamua nani anashiba.

Lakini kusogea karibu mno nako ni hatari. Anayetumbukia ziwani harudi, kwa sababu humo hamna oksijeni na chumvi yake haivumiliki.

Bakteria wanatoka wapi?

Mtu angedhani mama anawarithisha wanawe bakteria pamoja na yai. Sivyo. Kila kizazi kinaanza bila bakteria na kuwapata upya kutoka kwenye mazingira.

Kome hutaga majini, na mabuu yao ni madogo kupita kiasi. Mabuu wa childressi wanaweza kuelea kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wamewahi kupatikana hata kwenye maji ya juu ya bahari, mbali na walikozaliwa. Wakati huo wanakula chembechembe kama mabuu wengine.

Siku buu atakapotua, bahati ndiyo itakayoamua. Akitua mahali pasipo na gesi, habari yake imeisha. Akitua kwenye mvujo, bakteria waliopo hapo wanamwingia wakati anapobadilika umbo, naye anaacha taratibu kutegemea utumbo.

Uhusiano huu unavunjika haraka kuliko unavyodhani. Ndugu yao wa chemchemi moto za Atlantiki, Bathymodiolus azoricus, alipowekwa kwenye maji yasiyo na salfidi, bakteria wake wanaotegemea kemikali hiyo walipotea ndani ya wiki chache. Aliporudishiwa kemikali, wakarudi.

Sio methani peke yake

Kome childressi anategemea wala-methani. Wengine wana wapangaji wa aina mbili au zaidi. Katika Ghuba hiyo hiyo, kome brooksi na heckerae wana wala-methani pamoja na wala-salfidi. Methani ikipungua, upande wa pili unasaidia.

Mwaka 2011 timu iliyomhusisha Nicole Dubilier wa Taasisi ya Max Planck ya Bremen, Ujerumani, ilionyesha kwamba kome wa chemchemi moto za katikati ya Atlantiki wanatumia pia gesi ya hidrojeni. Mwaka 2017 ikabainika kwamba kome heckerae wa Chapopote, mlima wa lami ulioko kina cha mita 3,000 hivi kusini mwa Ghuba ya Mexico, wana bakteria wanaotumia ethani, propani na butani. Propani na butani, kumbuka, ndizo zinazojazwa kwenye mitungi ya kupikia majumbani.

Wana maadui?

Wanao. Kuna mnyoo wa magamba anayeingia na kuishi ndani ya kome, kati ya nyama na gamba. Na kuna bakteria mbaya zaidi anayevamia kiini cha seli na kuzaana humo hadi kufikia 80,000 ndani ya kiini kimoja, mpaka seli inapasuka.

Cha ajabu, bakteria huyo hakuonekana kwenye seli zenye wapangaji wazuri. Watafiti wanahisi wapangaji hao wanailinda nyumba yao. Jeni nyingi zinazofanana na zile za kutengeneza sumu zimeonekana kwa bakteria wema wa aina ya wala-salfidi, na huenda sumu hizo ni silaha dhidi ya wavamizi.

Wanapatikana wapi kwingine?

Kome wa kundi hili wako sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kuona zaidi ya mivujo 500 ya methani kwenye ukingo wa Atlantiki wa Marekani, na baadhi yake ina makundi makubwa ya kome. Japani wapo katika ghuba ya Sagami.

Afrika nako wapo. Upande wa Atlantiki, nje ya Gabon na Kongo, kuna shimo kubwa liitwalo Regab, lenye upana wa mita 800 hivi, kwenye kina cha zaidi ya mita 3,100. Humo wanaishi kome, kombe na minyoo wa mirija. Na katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Mauritius, chemchemi moto za Kairei zilizogunduliwa mwaka 2000 nazo zina kome wake.

Kwa nini tujali?

Kwanza, kwa sababu ya hewa. Methani ikifika angani inapasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Sehemu kubwa ya methani inayopanda kwenye mivujo huliwa na vijidudu vya matopeni kabla haijatoka. Kome na bakteria wao wanakula sehemu ndogo ya inayobaki, lakini wote ni watu wa kazi moja.

Pili, kwa sababu wako kwenye njia yetu. Mivujo hii ni dalili ambayo wajiolojia wamekuwa wakiitumia kutafuta mafuta na gesi. Panapovuja, huenda chini yake kuna hazina. Kwa hiyo nanga, mabomba na matope ya kuchimbia visima vinashuka kwenye maeneo yale yale wanakoishi kome.

Mvujo wenyewe haudumu milele. Nyufa huziba kwa chokaa, gesi hubadili njia, na kome huachia nafasi minyoo wa mirija, ambao wengine huishi zaidi ya miaka 200. Hayo ni mabadiliko ya polepole, na mabuu wana muda wa kutafuta pengine. Nanga ikiburuzwa juu yao, muda huo haupo.

Marekani ilishaweka utaratibu. Kwa taratibu zilizotolewa mwaka 2009 kwa Ghuba ya Mexico, kampuni zinazofanya kazi kwenye kina cha mita 300 na zaidi zilitakiwa kumwaga matope ya kuchimbia umbali wa angalau mita 610 hivi kutoka makundi haya ya viumbe, na kuweka nanga au mabomba umbali wa angalau mita 76 hivi.

Hali ya ndugu zao wa chemchemi moto ni ngumu zaidi, kwa sababu huko yanatafutwa madini. Tathmini iliyotoka mwaka 2021 iliangalia aina 184 za konokono, kome na jamaa zao wanaoishi kwenye chemchemi hizo tu. Asilimia 62 ziliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na tishio kubwa lililotajwa ni uchimbaji wa madini.

Hili linatugusa na sisi. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa kwenye maji ya kina kirefu kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, baadhi kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Kabla kisima hakijachimbwa, kuna hatua moja isiyo na mbadala: kushusha kamera na kuangalia nani anaishi pale chini. Mvujo ukionekana kwenye picha, kisima kinaweza kusogezwa. Kome hawezi kuhama na kwenda kuishi mahali pasipo na gesi.